Pembetatu Nyekundu Ikiwaka: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme kwenye Haibridi Iliyozeeka

Haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, zimeshazoeleka Nairobi kiasi kwamba hakuna anayegeuka kuzitazama. Aqua, Prius, Axio na Fielder za haibridi, Honda Fit na Vezel ndizo zinazobeba abiria wa teksi za simu kutwa kucha, na familia nyingi zilizikimbilia petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwaka 2023. Shida ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na waagizaji wengi huchukua lililokaribia kikomo hicho kwa sababu ndilo la bei nafuu. Aqua ya 2012 iliyoteremshwa Mombasa mwaka 2019 ilifika ikiwa na miaka 7. Sasa imepita miaka 12, na betri yake kubwa mara nyingi ni ileile iliyofungwa Japani.

Kisha siku moja taa ya pembetatu nyekundu inawaka na kwenye kioo cha dashibodi yanatokea maandishi ya Kijapani. Gereji ya kwanza inasema betri imekufa, tafuta nyingine. Nimewaona watu wakikopa pesa za betri ambayo gari halikuihitaji, halafu taa ikarudi kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye betri ndogo, au feni iliyozibwa na vumbi, au pampu ya maji ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota. Jambo hilo linaniuma, maana vitu hivyo vyote hukaguliwa kwa pesa kidogo kabla betri kubwa haijaguswa. Basi fuata mpangilio mmoja: anza na cha bei ndogo, malizia na cha bei kubwa, na usimruhusu mtu akurushe hatua.

Taa ikiwaka ukiwa barabarani

Usizime gari katikati ya Mombasa Road. Toyota nyingi zikipata hitilafu huendelea kutembea kwa nguvu kidogo, lakini ukizima huenda zikakataa kuwaka tena. Punguza mwendo, toka barabarani, ingia kituo cha mafuta au popote penye nafasi. Piga picha ya dashibodi nzima kabla ya kufanya lolote, pamoja na yale maandishi ya Kijapani. Programu ya kutafsiri kwenye simu itayasoma. Tazama kama kuna taa nyingine zilizowaka pamoja na pembetatu: ya breki, ya injini, ya joto. Picha hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo yako yote.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi unatoka nyuma, hapo ni kinyume: zima, teremsha kila mtu, jitenge na gari.

Likikataa kabisa kutembea, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka. Kwenye haibridi za Toyota zinazosukumwa na magurudumu ya mbele, magurudumu hayo yameunganishwa na mota, na mota ikizungushwa huzalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Agiza lori la kulibeba mgongoni, au lile linaloinua magurudumu ya mbele. Likiwa ni la kuvuta magurudumu yote manne, kama Harrier ya haibridi, ni la mgongoni tu.

Hatua ya 1: Pima betri ndogo

Haibridi ina betri mbili. Kubwa ndiyo ya kusukuma gari. Ndogo ni ya volti 12, na kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei, yaani swichi za umeme zinazoruhusu umeme wa ile kubwa upite. Hakuna stata ya kawaida inayolia "nyeu nyeu" kukuonya kwamba betri imechoka. Kwa hiyo ndogo ikidhoofika, kompyuta zinapata umeme pungufu, zinachanganyikiwa, na zinawasha taa za kila aina: breki, usukani, haibridi. Mwenye gari anadhani kila kitu kimeharibika kwa siku moja.

Dalili zake ni hizi. Gari linakataa kuonyesha READY, neno la dashibodi linalosema gari liko tayari kwenda. Taa za dashibodi zinafifia na kurudi. Unasikia rilei zikigonga haraka haraka. Milango inafunguka kwa uvivu. Saa imerudi mwanzo.

Nunua mita ya volti ya kawaida, iko kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini na haigharimu kitu. Pima asubuhi kabla gari halijawashwa. Volti 12.6 ni nzuri. Volti 12.2 ni nusu. Chini ya 12 betri inakuomba ipumzishwe. Kisha liwashe hadi READY itokee na upime tena: unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri ndogo haichajiwi, na kosa liko kwenye kifaa kinachoteremsha umeme wa betri kubwa kuja volti 12, au kwenye fyuzi na nyaya zake. Ukibadilisha betri ndogo hapo utakuwa umetupa pesa.

Ukinunua mpya, usichukue yoyote inayoingia. Kwenye Toyota hizi betri ndogo inakaa ndani ya gari, kwenye buti au chini ya kiti cha nyuma, karibu na abiria. Inatakiwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye bomba dogo la kutolea gesi nje. Aqua nyingi hutumia yenye maandishi S34B20R. Herufi S mwanzoni ndiyo ya kutafuta. Nimeona Kirinyaga Road watu wakifungiwa betri ya kawaida ya maji, vichwa vikilazimishwa kwa vipande vya bati, na bomba la gesi likiachwa linaning'inia. Hiyo ni hatari kwa mtoto aliyekaa juu yake.

Nawaomba hasa madereva wa teksi: mkisubiri abiria pale uwanja wa ndege, msisikilize redio gari likiwa limebonyezwa mara moja au mbili bila READY. Hapo betri ndogo inaliwa na haichajiwi. Acha READY iwake. Injini itajiwasha na kujizima yenyewe inapohitajika.

Na ukiazima umeme kwa gari jingine, nyaya ziwekwe kwa utulivu. Toyota nyingi zina kichwa chekundu cha kuunganishia ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti. Hasi unaifunga kwenye chuma kitupu. Ukigeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza fyuzi kubwa na kompyuta. Na haibridi yako isiwe ya kuwasha Probox ya jirani. Umeme mwingi unaohitajika na stata ya gari lile si kazi iliyotengenezewa mfumo wako.

Hatua ya 2: Soma namba kabla mtu hajaifuta

Kila hitilafu inaacha namba kwenye kompyuta. Mtu akiifuta, taa inazimika, unashukuru, unalipa, na baada ya siku chache inarudi. Kibaya zaidi, ushahidi wa kilichotokea umepotea. Mazungumzo yawe hivi:

"Boss, hii ni betri. Imeisha."

"Sawa fundi. Nionyeshe namba kwanza, na usifute. Acha nipige picha."

Fundi mzuri hatakasirika. Atageuza skana uione.

Unaweza pia kununua skana ndogo ya Bluetooth inayochomekwa chini ya usukani na kuisoma kwa simu. Programu ya Dr. Prius imetengenezwa kwa ajili ya haibridi hasa na inaonyesha volti za kila sehemu ya betri. Kwa Toyota, namba za kuzijua ni hizi. P0A80 inasema betri kubwa ibadilishwe, lakini isome kama shtaka, bado si hukumu. P3011 na zinazofuata zinataja sehemu ipi ya betri ni dhaifu: P3011 ni ya kwanza, P3012 ya pili, na kuendelea. P0A82 ni feni ya betri. P0A93 ni upozaji wa inveta. P0A94 na P0A78 zinaelekea kwenye inveta yenyewe. P0AA6 ni umeme mkubwa unaovujia kwenye bodi ya chuma ya gari, na hiyo nitaieleza peke yake. P3190 na P3191 zinasema injini haikutoa nguvu au haikuwaka, na hapa Nairobi sababu yake mara nyingi ni tangi tupu.

Namba ikianza na P030, kwa mfano P0301 au P0302, ni injini inayokosa moto. Pembetatu inawaka kwa hilo pia. Tazama plagi na koili, uiache betri kubwa kwa amani. Prius ya 2009 hadi 2015 ikitetemeka vibaya ikiwaka asubuhi na maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja, mwambie fundi akague gasketi ya kichwa; injini hiyo ya 1.8 ina sifa hiyo.

Hatua ya 3: Feni na njia ya hewa

Betri kubwa ya Toyota hizi haipozwi kwa maji. Inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando au chini ya kiti cha nyuma. Hewa hiyo ni ileile mnayopumua, na Nairobi ina vumbi: la Outer Ring, la barabara za ndani za mitaa mipya, la mchanga unaobebwa na viatu. Ongeza nywele za paka na nyuzi za zulia. Baada ya miaka kadhaa chujio linafanana na kipande cha blanketi kuukuu la kijivu. Ukilivuta linatoka zima, na nyuma yake mapanga ya feni yamejaa tabaka la vumbi lililoshikana na mafuta ya mwili.

Betri isiyopata hewa hupanda joto, na joto ndilo linaloziua seli za nikeli mapema kuliko kilomita. Tena seli za katikati ndizo hupata joto zaidi, kwa hiyo utakuta betri imechoka katikati huku pembeni bado ni nzima.

Kazi hii ifanye mwenyewe. Zima gari. Tafuta wavu wa plastiki kando ya kiti cha nyuma au chini yake, utoe kwa kuubonyeza taratibu, fyonza vumbi kwa mashine ya kufyonzea zulia, osha chujio kwa maji na sabuni kidogo, likauke kabisa ndipo urudishe. Usipulize kwa upepo wa kompresa kuelekea ndani, maana utalisukuma vumbi lote kwenye betri. Kama haijawahi kusafishwa tangu gari liingie nchini, mlipe fundi afungue aitoe feni yenyewe na kuisugua. Halafu angalia mazoea yenu: viroba vya mboga kutoka Wakulima, mablanketi, mikoba, vyote vinawekwa mbele ya tundu hilo. Na siku ya jua kali ukiwa kwenye msongamano, funga madirisha uwashe kiyoyozi kidogo. Unaipoza betri pia.

Ukiisikia feni ikivuma kwa nguvu nyuma ya kiti hata asubuhi ya baridi ya Julai, kuna kitu.

Hatua ya 4: Maji ya inveta

Inveta iko chini ya boneti, sanduku la rangi ya fedha lenye nyaya za rangi ya machungwa. Inageuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota, na kwenye Prius ya 2009 hadi 2015 inaupandisha hadi volti 650. Inapata joto kali, na ina maji yake ya kupoza na pampu yake ya umeme, mbali na maji ya injini.

Hapa pana ukaguzi wa dakika mbili ambao mafundi wengi wa kawaida hawaufanyi. Gari likiwa baridi, fungua kifuniko cha chombo kidogo cha maji ya inveta, mwambie mtu aliwashe hadi READY, uangalie ndani. Maji yakichezacheza na kuzunguka, pampu inafanya kazi. Yakitulia kimya, pampu imekufa. Pampu ni rahisi kuliko inveta kwa mbali sana, na anayeendesha na pampu iliyokufa huiunguza inveta kwenye mlima wa kwanza mrefu.

Maji yenyewe yawe ya rangi ya waridi yanayopendekezwa na Toyota. Maji ya bomba yaliyoongezwa na muosha magari huleta kutu na chumvi ndani ya mifereji myembamba.

Pia kuna kumbukumbu ya kiwanda ya kuijua: mwezi wa Februari 2014 Toyota ilirudisha Prius milioni 1.9 duniani kwa sababu programu ya inveta ilikuwa inapasha joto vipande vyake vya umeme hadi kuharibika. Mtumba wako huenda ulirekebishwa Japani, huenda haukurekebishwa. Ukiwa na namba ya chesi unaweza kuuliza.

Hatua ya 5: Kutu, maji na panya

Ndani ya betri kubwa kuna moduli, yaani betri ndogo ndogo zilizopangwa safu moja, zilizounganishwa kwa vipande vya shaba. Prius ya 2003 hadi 2015 ina moduli 28, volti 201.6 kwa jumla. Aqua ina 20, volti 144. Shaba hiyo hushika kutu ya kijani, hasa gari likiwa limeingiwa na unyevu. Kutu inazuia umeme na kudanganya nyaya nyembamba zinazopima volti, kompyuta inasoma sehemu fulani kuwa dhaifu, na P0A80 inatokea ilhali seli ni nzima. Kwa hiyo betri ikifunguliwa, dai kuiona shaba. Ikiwa ya kijani, isafishwe au ibadilishwe kabla mtu hajaamua lolote kuhusu moduli.

Sasa ile P0AA6. Umeme mkubwa hautakiwi kugusa bodi kabisa. Ukivuja hata kidogo, kompyuta inakataa kuwasha gari, na ina haki. Vyanzo ni vichache. Maji: mvua za masika za 2024 zilijaza barabara nyingi hapa, na betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na sakafu. Gari lililofikiwa na maji hadi sakafuni lisiwashwe, likauke na likaguliwe kwanza. Moduli inayotoa majimaji: hayo ni ya alikali, yanachoma ngozi. Panya: wanatafuna hata nyaya za machungwa, na ukiona alama za meno juu yake usiguse.

Chanzo cha nne ndicho kinachowashangaza watu, nacho ni gesi ya kiyoyozi. Kompresa ya haibridi inaendeshwa kwa umeme mkubwa na mota yake inaelea ndani ya mafuta. Mafuta hayo ni maalum, ND-11, yasiyopitisha umeme. Fundi wa kiyoyozi akiongeza gesi pamoja na mafuta ya magari ya kawaida, au akipitisha dawa ya kuziba matundu, kinga inaharibika na umeme unavuja kupitia kompresa. Kabla hajaunganisha bomba lolote, muulize anatumia mafuta gani. Akisema "yale ya kawaida tu", mshukuru uondoke.

Hatua ya 6: Pima betri kubwa ikifanya kazi

Betri iliyotulia haisemi ukweli. Ipime ikiwa na mzigo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Tafuta mwinuko: Waiyaki Way kutoka Westlands kupanda Kangemi hadi Uthiru unatosha. Panda na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mwendo wa kawaida. Tazama mchoro wa betri kwenye dashibodi: betri nzima hushuka taratibu na kurudi taratibu. Iliyochoka hushuka kutoka juu hadi mstari mmoja au miwili kwa muda mfupi, halafu ukianza kushuka inajaa ghafla kama haijawahi kutumika. Uwezo wake wa kuhifadhi umepungua, ndiyo maana inajaa haraka na kuisha haraka. Dalili nyingine ni injini kuunguruma mfululizo ukiwa umesimama kwenye foleni, na lita za mafuta kuongezeka bila sababu.

Usichanganye na hili: ukiteremka Mai Mahiu, betri hujaa kabisa na injini huanza kuunguruma bila wewe kukanyaga mafuta. Hiyo si hitilafu. Betri ikishajaa gari hutumia injini kuzuia mwendo. Weka gia ya B, uendelee.

Kipimo cha pili ni kwa skana. Prius huonyesha betri katika sehemu 14, kila moja ya moduli mbili. Mwenzako akikanyaga mafuta kwa nguvu mahali salama, tazama tofauti kati ya sehemu ya juu na ya chini kabisa. Tofauti ya volti 0.3 au pungufu ni nzuri. Ikikaribia volti nzima au kuipita, sehemu hiyo imechoka. Angalia pia joto la vipimo vya ndani. Kimoja kikiwa juu sana kuliko vingine, rudi kwenye hatua ya tatu.

Honda ni habari nyingine. Fit na Vezel za haibridi za 2013 hadi 2019 zina betri ya lithiamu na gia ya klachi mbili, na onyo linalowapata wengi kwenye msongamano wa Nairobi ni la gia kupata joto. Hiyo ni klachi. Watu wameuziwa betri kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Kubadilisha moduli, kununua iliyorekebishwa, au mpya

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Moduli moja ikifa, fundi atakwambia tuibadilishe hiyo tu. Kwa gari la miaka 6 au 7 ambalo moduli moja imekufa kwa sababu maalum, kama maji, ni sawa. Kwa Aqua ya 2012 yenye betri ya kiwandani, mimi nakataa. Moduli zote zimezaliwa siku moja na kuishi joto moja. Ukitoa iliyokufa leo, inayofuatia iko mlangoni, na kila mara utalipa kazi ya kufungua. Sehemu mbili au zaidi zikiwa dhaifu, acha kuviraka.

Betri iliyorekebishwa inaweza kuwa nzuri au bure kabisa, na tofauti iko kwenye muda. Kurekebisha kwa kweli ni kuchaji na kumaliza kila moduli mara kadhaa, kupima uwezo wake, na kupanga zinazolingana. Huchukua siku. Anayekwambia uje asubuhi uchukue jioni amechomeka tu moduli kutoka betri nyingine za zamani. Uliza vipimo vya kila moduli kwa maandishi. Uliza dhamana, na kama ni teksi, iandikwe kwa kilomita na kwa miezi, maana teksi inakula kilomita za mwaka wa gari la nyumbani kwa muda mfupi. Uliza kama betri yako ya zamani inabaki kwao na inapunguza bei kiasi gani.

Mpya ni ghali, lakini gari unalotaka kukaa nalo miaka mingine linastahili. Gari unalopanga kuuza, fikiria vingine.

Siku ya kufungua, simama utazame. Ukiona haya hayafanyiki, simamisha kazi hata kama umeshalipa nusu. Gari limezimwa na ufunguo umewekwa mbali. Betri ndogo imetolewa waya. Plagi ya usalama ya betri kubwa imechomolewa na fundi ameitia mfukoni mwake, ili mwingine asiirudishe kwa bahati mbaya. Wamesubiri dakika 10, maana kapasita za inveta hushika umeme baada ya kuzimwa. Fundi amevaa glavu za mpira za volti 1,000, na kabla ya kuzivaa amezikunja kuanzia kifundoni akikamata hewa ndani, ili aone kama zina tundu. Amepima kwa mita na kuona sifuri. Hana pete wala saa mkononi. Volti 144 au 200 za moja kwa moja zinaua, na vijana wengi wanaoshika nyaya hizi Kariobangi na Industrial Area hawajafundishwa na mtu. Ukiwa mteja, una nguvu ya kuwadai wavae.

Wakati wa kurudisha, moduli zibanwe vizuri kati ya sahani zake, maana zikichajiwa bila kubanwa huvimba. Nati zinazobana vipande vya shaba hukazwa kwa spana ya kipimo, 5.4 Nm. Mkono mzito hukata kichwa cha moduli, mwepesi huacha cheche.

Mazoea yanayoiua betri

Lipo moja ambalo karibu kila dereva wa Nairobi hulifanya: kuweka N kwenye foleni. Kwenye haibridi ya Toyota, gari likiwa N betri haichajiwi hata injini ikiunguruma. Dakika 40 za Jogoo Road na kiyoyozi kikivuta, betri inafika chini kabisa. Baki D ukikanyaga breki, au weka P ikiwa foleni imesimama kabisa.

La pili ni kuzungukia taa ya mafuta, ukiweka ya shilingi mia tano kila jioni. Petroli ikiisha, haibridi huendelea kwa betri, na wenye gari hufurahi kwamba limewafikisha. Limewafikisha kwa kuimaliza betri hadi kiwango ambacho kompyuta hailiruhusu siku nyingine, na huenda lisiwake tena hata ukijaza tangi. Likizima kwa kukosa mafuta, simama hapo hapo utume mtu na mtungi.

Gari likikaa, kwa mfano umesafiri kwenda nyumbani Desemba, mwachie mtu aliwashe hadi READY mara moja kwa wiki, kwa saa nzima ikiwezekana. Kuliwasha dakika tano hakusaidii kitu.

Ukinunua haibridi ya mkononi

Nenda asubuhi gari likiwa baridi, na umwambie muuzaji asilipashe moto. Chomeka skana kabla ya kuendesha. Kompyuta isiyo na namba yoyote si ushahidi wa uzima. Tazama sehemu ya skana inayoonyesha vipimo vya gari vilivyokamilika. Vikiwa vyote havijakamilika, kumbukumbu imefutwa hivi karibuni, na ulizeni kwa nini. Panda naye mwinuko. Fungua wavu wa feni ukiwa mbele yake. Muulize betri ilibadilishwa lini na risiti iko wapi.

Betri ya zamani ikitoka, isiishie kwa muuza vyuma chakavu. Ina umeme unaoweza kuua hata ikiwa haiwezi tena kusukuma gari, na majimaji yake yanachoma. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inakutaka utenge taka hatari na kuzipeleka kwa aliyeruhusiwa kuzipokea. Njia rahisi ni kumwachia aliyekuuzia mpya, na kumwomba aandike kwenye risiti kwamba ameipokea.